Katekista na Saa Isiyo Yake

Vuta kiti, ndugu yangu, na kama una haraka tuahirishe, maana mtu ninayetaka kukueleza hakuwa wa haraka na hawezi kusimuliwa haraka. Jina lake sitalitaja. Kijijini kwetu Keza, karibu na mpaka wa Burundi, hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Katekista, na wajukuu wakamwita Babu Katekista kana kwamba alibatizwa hivyo. Shamba lao na letu yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Nilikua nikimwona kila siku, mpaka nilipohamia Nyakanazi na kufungua kibanda cha picha karibu na stendi.

Alikuwa na saa ya mfukoni, ya chuma cheupe kilichofifia, yenye kifuniko kinachofunguka ukibonyeza kitufe cha juu. Kwenye kifuniko palikuwa na kovu, bonyeo moja kama la kidole gumba kwenye tonge la ugali. Mnyororo ulikatika zamani, ukaungwa kwa waya wa shaba. Kila asubuhi baada ya sala aliitia ufunguo polepole, ameiinamia kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Wote tuliamini ni saa ya urithi: aliipata kwa baba yake, naye atamwachia mwanawe mkubwa. Kuipata kwa baba yake ni kweli. Lakini haikuwa ya baba yake. Hilo alilijua peke yake kwa miaka mingi, na kadiri alivyozeeka alibaki na haja moja tu duniani: wenye saa wapatikane, nao waambiwe ukweli kabla hajafa. Ishike haja hiyo mkononi wakati nikikueleza mengine, nayo itakusaidia kumwelewa.

Kigango chetu hakikuwa na padri wa kukaa. Padri alikuja mara mojamoja, na Jumapili nyingine zote Katekista ndiye aliyeongoza ibada. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, ikagongwa kwa kipande cha nondo. Yeye aliweka saa mezani, kifuniko wazi, na ikitimia saa mbili ndipo alipoanza. Hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba hata watu wote wawe wameketi, kwaya imepanga mistari na mvua inanguruma upande wa Burundi, hakuanza kabla. Alisimama kimya, macho kwenye saa. Jumapili moja mwenyekiti wa kigango alimnong'oneza kwamba tumeshatimia wote, hakuna anayesubiriwa. Akamjibu kwa sauti ya kawaida, sote tukasikia:

"Unamjua anayekuja?"

Hakuja mtu. Mvua ikatunyeshea tukirudi nyumbani, na wanakwaya walinung'unika wiki nzima.

Nikufafanulie hapa, maana watu wengi walimkosea. Wapo wanaoshika muda ili wengine wasiwacheleweshe. Hao ni wakali kwa anayechelewa. Yeye aliushika muda ili asimwache mtu. Aliyechelewa hakumgombeza hata siku moja. Aliyemgombeza ni yule anayetaka kuanza mapema, kuondoka mapema, kufunga mlango mapema. "Moyo huchoka haraka," alikuwa akisema. "Ngoja kwa saa."

Vijana wa bodaboda walimpenda kwa sababu aliwajibu. Mmoja alimwuliza, mbele ya wenzake waliokuwa wameegemea pikipiki zao, "Katekista, siku ya kurudi Yesu, akichelewa utamngoja?"

"Nitamngoja," akasema. "Wewe ndiye utakuwa umeshaondoka na abiria mmoja."

Wakacheka mpaka wakashika vichwa. Tangu siku ile, kijana akiondoa pikipiki kabla hajapata mtu wa pili, wenzake humzomea kwamba yule ameondoka, Yesu amebaki.

Siku nyingine nilimwona kwa macho yangu pale Nyakanazi. Basi la kwenda Ngara lilisimama ili watu wapate kula, na konda akatangaza kwamba litaondoka saa tano. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashuka kutafuta uji. Dereva akachoka, akawasha gari kabla ya muda, konda akaanza kupiga bodi. Katekista akashuka, akaenda kusimama mbele ya basi, saa ameinyanyua kama kadi ya refa.

"Mzee, toka hapo," konda akamwambia, "utakufa kwa ajili ya uji wa mtu."

"Ulisema saa tano. Bado."

Honi ilipigwa, abiria wakatukana, wauza mahindi wakaja kutazama. Yeye hakusogea mpaka mama yule alipotokea akikimbia, kikombe cha plastiki mkononi na uji umemwagikia kitenge. Alipopanda alitaka kumshukuru. Nilikuwa nimesimama dirishani nikiagana naye, nikasikia alichomjibu: "Hukuchelewa, mama." Akageuza uso upande mwingine, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Nilidhani ni uzee.

Sisi watoto wa jirani alitufundisha saa kabla shule haijatufundisha. Alichora duara uani kwa kijiti, akaweka mawe madogo pembeni badala ya namba, kisha akalaza vijiti viwili katikati. Kabla ya kitu kingine chochote alishika kile kifupi. "Mshale mfupi ndio unaosema saa," alisema. "Mrefu unakimbia tu. Usiufuate." Aliyekosea hakupigwa. Alianzishiwa upya, na upya tena, mpaka kuku wakaingia bandani. Sijapata kuona mwalimu mpole kama yeye. Lakini mwanawe mkubwa alipoichukua saa yenyewe siku moja ili acheze nayo, Katekista alimchapa hivi kwamba mama yangu alipasua njia kwenye minyaa kwenda kumwamulia. Mimi na kijana yule tulikuwa darasa moja. Alikuja shule kesho yake akiwa hawezi kukaa.

Sasa nikuambie jambo lililo gumu zaidi, lipokee polepole. Binti yake wa pili alipatwa na homa kali wakati wa mvua za masika. Katekista alikuwa ametuma ujumbe kwa dereva wa pikapu ya parokia, na dereva akakubali kupita saa nne kuwapeleka hospitalini. Kabla ya saa hiyo likapita lori la maharage. Dereva wake alimwona mtoto, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akasema wapande. Mama wa mtoto alishamnyanyua binti. Katekista akasema hapana, amemwambia mwenzake atamngoja mpaka saa nne. Mama akalia. Lori likaondoka. Pikapu ilikuja saa nne, haikuchelewa, na binti akafa hospitalini jioni ileile.

Kama lori lingemwahisha, hakuna ajuaye. Daktari hakusema, nami siwezi kusema badala yake. Ninachojua ni kwamba mke wa Katekista hakumwacha mumewe. Alimpikia, alimfulia, akamzalia wengine. Ila hakumwuliza saa tena. Alipotaka kujua muda alikuja mpaka kwenye minyaa na kumwita mama yangu: "Jirani, saa ngapi huko kwenu?" Mama alisikiliza redio au akatazama jua, akamjibu. Na mwanamume mwenye saa ameketi mlangoni pake, hatua chache tu, anasikia yote. Hakuwahi kudakia.

Nilipokuwa mtu mzima niliwahi kumwuliza kama anajuta. Akasema anamlilia binti yake kila siku, lakini kuna kitu kingine anachokijua, nacho ni mtu kufika mahali alipoahidiwa na kukuta hakuna anayemngoja. Sikuelewa. Nilimwona mgumu wa moyo, nikaenda zangu.

Kulikuwa na mambo mengine tusiyoyaelewa. Vibarua wa kutoka ng'ambo ya mpaka walipokuja kulima, wenye mashamba wengi waliwapa chakula chao pembeni. Katekista alikula nao sahani moja. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, na kila mmoja alimwuliza anatoka kilima gani, na kama amewahi kusikia habari za ukoo uliovuka mto zamani, bibi kizee wao akabaki nyuma. Wakitikisa kichwa, alirudia kula. Mkewe alikuwa akisema mumewe anawahoji Warundi kama afisa uhamiaji, tofauti ni kwamba yeye anawaongezea maharage.

Mwanawe mkubwa, yule aliyechapwa, alikuja kuwa mfanyabiashara wa mahindi na ng'ombe kule Nyakahura. Alifanikiwa. Na aliitaka saa. Usimwone mwenye tamaa. Kwetu mwenye nyumba akifa, siku ya kuondoa matanga mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu na kukabidhiwa mkuki mbele ya ukoo. Katika nyumba ile mpini wa mkuki ulishaliwa na mchwa, na wazee walikuwa wakisema wazi kwamba saa ndiyo itakayokabidhiwa. Kijana alikua akisikia hivyo. Basi baba yake alipolazwa mara ya kwanza, aliichukua akaipeleka studio moja ya njia panda, ipigwe picha ya kutundika sebuleni. Wale wa studio wakafanya kama wanavyozoea kufanya nyuso za maharusi. Walilifuta kovu kwenye kompyuta, waya wa shaba wakaubadilisha kuwa mnyororo wa dhahabu, wakaizungushia mawaridi. Picha ilikuwa kubwa kama dirisha.

Katekista alipotoka hospitalini akaitazama sana. Kisha akauliza, "Hii ni ya nani?"

Wiki iliyofuata alikuja kwangu kibandani, saa ameifunga ndani ya soksi ya mtoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema anataka picha ya saa kama ilivyo.

Kupiga picha kitu kinachong'aa si kazi ngumu, ila ina hila yake, na nitakugawia. Chuma kilichosuguliwa ni kioo. Ukikikabili uso kwa uso, unajipiga wewe mwenyewe. Mara ya kwanza sweta langu jeusi lilitokea lote kwenye kifuniko, na juu yake kichwa changu kikubwa kama boga. Nikatundika shuka nyeupe mbele ya dirisha ili mwanga uje umelainika, nikatundika nyingine mbele yangu na kuitoboa tundu dogo la kupitishia jicho la kamera. Weupe ukaingia kwenye chuma, mimi nikatoka. Yeye alinitazama, ametulia, mpaka nilipofanya jambo moja. Sisi wa kazi hii tukipiga saa huisogeza mishale iwe saa nne na dakika kumi, ili ifunguke kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Saa inaonekana ina furaha. Nikavuta kitufe nikaanza kuzungusha.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Usiifurahishe," akasema. "Hiyo si saa ya furaha."

Akaichukua, akaipanga mwenyewe: mshale mfupi kwenye nane, mrefu kwenye kumi na mbili. Saa mbili kamili. "Piga hapo. Kovu lionekane. Wenyewe watalijua kovu."

Nikamwuliza wenyewe akina nani. Akaketi kwenye stuli ya wateja, mbele ya lile pazia langu lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa, akanisimulia.

Baba yake alikuwa mvushaji kwenye mto Ruvubu, kabla hawajahamia Keza. Alikuwa na mtumbwi wa gogo na pondo ndefu ya kuusukumia. Watu walipokimbia mauaji ng'ambo, aliwavusha. Asubuhi moja ya ukungu alimvusha mwanamume mmoja na mkewe na binti yao mdogo, akawafikisha upande huu salama. Yule mwanamume akamsihi amrudishe tena kule, maana amemficha mama yake nyuma ya kilima, hawezi kutembea, anataka kwenda kumbeba. Wakarudi wawili. Walipofika ng'ambo ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na mbili. Mwanamume akatoa saa mfukoni, akaifungua, akaiweka kwenye kiganja cha mvushaji na kuweka kidole kwenye namba nane. Mshale ukifika hapa sijaonekana, akamwambia, nenda zako. Kabla ya hapo, nakuomba, usiniache. Kisha akapanda kilima.

Hakusema mshale upi. Mtu aliyeizoea saa hakumbuki tena kwamba ina mishale miwili. Na mvushaji alikuwa hajapata kushika saa maishani mwake. Aliitazama kwa bidii zote. Mmoja ulikuwa unasogea, ukiutazama kwa subira unauona. Mwingine ulikaa palepale kama umekufa. Akaufuata ulio hai. Lisaa limoja lilikuwa halijatimia, mshale mrefu ukafika kwenye nane. Aliongeza kungoja kidogo, hivyo ndivyo alivyosimulia siku zote, mpaka akasikia sauti za watu mlimani. Akasukuma mtumbwi.

Alipokuwa anaufunga upande huu ukungu uliinuka. Wakamwona yule mwanamume ng'ambo, ukingoni, mama yake mgongoni. Aliita mara moja. Kisha nyuma yake wakatokea wengine wenye mapanga. Mkewe aliona. Binti yake aliona. Mwanamke hakudai saa. Alimshika mtoto mkono akawafuata wakimbizi wenzake.

"Baba alikuwa anasema yule mtu alichelewa," Katekista akaniambia. "Aliisimulia kule mtoni hata kwenye pombe, kwa huzuni, watu wakampa pole. Mimi nikaanza shule. Siku tuliyofundishwa saa nilirudi mbio nyumbani, nikamchorea duara chini. Akaniuliza, 'Ni upi unaosema saa?' Nikamwambia, 'Mfupi, baba. Mrefu unakimbia tu.' Akaniambia nirudie. Nikarudia."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma likilia, na mama ntilie akamfokea dereva asije akamgongea masufuria.

"Alikuwa anakula. Akaliweka tonge chini, akanawa. Hakushika pondo tena mpaka anakufa. Ndiyo maana tulihama mtoni." Akaigusa saa kwa ncha ya kidole. "Ni mimi niliyemwambia. Na nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilikuwa nimepata alama zote."

Nikapiga picha. Nilipiga mbele na nyuma na ndani, kovu likiangukiwa na mwanga wa pembeni ili lisimame vizuri.

Picha zile tulizituma kila mahali tulipoweza, pamoja na maneno machache kwamba saa hii iliachwa mtoni na mtu aliyekwenda kumfuata mama yake, na wenyewe wanatafutwa. Ziliingia kwenye simu za vibarua, za wauza samaki, za mapadri wa upande ule. Mwanawe akaziona huko Nyakahura kwenye simu ya mteja, akampigia baba yake, akaelezwa yote. Alifika kibandani kwangu hata pikipiki hajaizima.

"Dada, wewe umepiga picha au umemshitaki babu yangu?"

Nilimpa kiti, akakataa. Akaniuliza babu yake aliwavusha watu wangapi salama, na kama kuna hata mmoja aliyerudi kuwaletea ukoo wao mkungu wa ndizi. Hakuna. Sasa kosa la mtu asiyejua kusoma, kosa moja, linatembezwa nchi mbili likiwa na picha. Na yeye atakalishwa kwenye kigoda cha nani, cha mwuaji? Hakuwa amekosea yote. Baadaye nilipomfikishia baba yake maneno hayo, Katekista akasema tu kwamba waliovuka hawakuacha saa.

Muda mrefu ukapita bila jibu. Ugonjwa wa tumbo ukamrudia, na safari hii hospitali wakamrudisha nyumbani.

Nitaruka mbele kidogo, kisha nirudi. Siku ya kuondoa matanga wazee walimkalisha mwanawe kwenye kigoda, wakampa mkuki wenye mpini mpya. Kisha baba yake mdogo akamnyooshea saa. Ukoo mzima ulikuwa unatazama, nami nilikuwa na kamera, nimesimama kwenye kundi la majirani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ufunguo, halafu badala ya kuiweka mfukoni akaiweka mezani. "Mkuki nimepokea," akasema. "Hii tunaitunza. Haijarithiwa." Wazee wakatazamana, mmoja akakohoa. Alivyofika hapo utaelewa sasa hivi.

Mara ya mwisho nilimwona Katekista mchana mmoja wa kiangazi. Nilichukua bodaboda mpaka Keza kwa sababu simu yangu ilikuwa imepokea kitu asubuhi ile. Nilimkuta amelala kitandani karibu na mlango, amebaki mifupa na macho. Mwanawe alikuwa ameketi kwenye gunia, anampepea nzi. Mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi, anachambua maharage, ametugeuzia mgongo.

Ulikuwa ujumbe wa sauti, wa mwanamke mzee. Nikauweka karibu na sikio lake, lakini nyumba ilikuwa kimya na wote wakasikia. Alisema kovu lile analijua, maana alilifanya yeye: alipokuwa mdogo aliiangusha saa kwenye jiwe la kusagia, na baba yake hakumpiga. Alisema saa haitaki. Anaishi chumba kimoja na wajukuu, na hakuna kati yao atakayejua ni ya nani. Anataka kuulizia jambo moja tu. Asubuhi ile njiani aligoma kutembea. Aliketi akilia, baba yake akarudi kumbembeleza, muda ukapotea. Mama yake mpaka anakufa alimwambia kwamba baba alichelewa kwa sababu yake.

"Niambieni," ile sauti ikasema. "Ni kweli baba alichelewa?"

Mwanawe ndiye aliyesema kwanza, kwa upole, bado anapepea. "Baba, mwambie hujui. Ulikuwa mtoto mchanga. Mwache babu alale."

"Babu yako hajalala bado," akasema Katekista.

Akanyoosha mkono. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwambia asiachie mpaka amalize. Kidole kilikuwa hakina nguvu, kikateleza. Mwanawe akaacha kupepea. Akatazama chini kidogo, kisha akasogea, akaweka kidole chake juu ya kidole cha baba yake, akabonyeza pamoja naye.

"Hakuchelewa," Katekista akasema kwenye simu. "Alikuja ndani ya muda. Baba yangu aliufuata mshale mrefu, hakujua. Baba yako hakuchelewa, na wewe hukumchelewesha."

Wakaachia. Ujumbe ukaenda. Baada ya muda alama zikawa za bluu, tukajua amesikiliza. Tukakaa tukiitazama ile simu juu ya blanketi. Hakuandika kitu.

Ndipo kutoka jikoni, bila kugeuka, mikono bado kwenye maharage, mkewe akauliza, "Saa ngapi sasa?"

Mwanawe alinitazama. Katekista alipapasa chini ya mto, akaitoa saa, akahangaika na kitufe mpaka kifuniko kikafunguka. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nane na nusu," akamjibu mkewe. Kisha akatuambia sisi, "Tumngoje mpaka tisa."

Tukamngoja. Mkewe alimaliza maharage, akaja kuketi kizingitini. Mshale mrefu ulikwenda zake. Mfupi ulitambaa bila kuonekana mpaka ukagusa tatu. Simu haikulia.

Akafunga kifuniko. "Haya, mwanangu," akaniambia, "sasa unaweza kwenda. Umengoja."

Alikufa kabla ya Jumapili. Jibu halijaja mpaka leo, na saa iko mezani kule Keza, inatiwa ufunguo kila asubuhi na mtu aliyewahi kuchapwa kwa ajili yake.

Nawe ukifika nyumbani, mwite mtoto. Mchoree duara chini, panga mawe pembeni, laza vijiti viwili katikati, kimoja kifupi na kingine kirefu. Mwonyeshe kifupi kwanza.